Uzi: Lenzi ya tilti-shifti kwa picha za bidhaa, tuchukue ipi? (pakiti za dagaa, chupa za asali, pete)

#1 Nyakato_Picha

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mwongozo kwa wanaozijua lenzi za tilti-shifti (zile zinazoweza kuinama, yaani tilti, na kuteleza juu-chini au kando, yaani shifti). Kazi zilizopo mezani ni tatu:

Pakiti za dagaa zilizolazwa safu tatu, fremu ina upana wa sm 24, kamera inaangalia chini kwa nyuzi 30 mpaka 45. Chupa za asali zilizosimama, lebo inang'aa, na mteja anataka kifuniko kionekane kidogo bila chupa kuonekana imeegemea. Halafu pete na hereni za dhahabu.

Kamera ni Canon EOS R6 Mark II, flashi mbili, chumba cha mita 3. Kwenye pakiti, nikifunga apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) hadi f/22 safu ya nyuma inasomeka lakini maandishi yote yanakuwa laini. Nikifungua f/8, safu moja tu ndiyo kali. Swali: 50mm au 90mm? Mpya au mtumba? Na tilti ya nyuzi 8 inatosha au ni lazima zile zinazofika 10?

#2 pimamaji

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalochuja lenzi. Wengi huliruka wakakimbilia kubishana 50 na 90.

Ukali wa picha hukaa kwenye bapa moja. Lenzi ikiwa sambamba na sensa (kipokea picha ndani ya kamera), bapa la ukali nalo ni sambamba na sensa, kwa hiyo linazikata safu zako kwa mshazari. Ukiinamisha lenzi kuelekea mezani, bapa linalala. Kanuni yake inabeba jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, aliyeiwekea hataza Uingereza mwaka 1904 kwa ajili ya kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani.

Kiasi cha tilti kinachotakiwa ili bapa lilale sawasawa na uso wa pakiti:

tan(tilti) = m ÷ [(1 + m) × tan(pembe ya kamera)]

Hapo m ni ukuzaji: upana wa sensa gawanya kwa upana wa fremu. Kwako ni 36 ÷ 240 = 0.15. Pembe ya kamera ni nyuzi inazoangalia chini kutoka usawa. Matokeo kwa fremu ya sm 24:

Kamera nyuzi 30: tilti 12.7
Kamera nyuzi 45: tilti 7.4
Kamera nyuzi 60: tilti 4.3

Urefu wa fokasi haumo kwenye hesabu hiyo. Ukitoka 50mm kwenda 90mm kwa fremu ileile, unarudi nyuma na kupanda juu kwa uwiano uleule, na mambo yanafutana. Kwa hiyo mtu akikwambia "chukua 50 ndipo tilti itakutosha", muulize pembe ya kamera na upana wa fremu kwanza.

Jibu kwako: ukifanya kazi kwa nyuzi 45, tilti ya 8 inatosha, tena bila kubaki na akiba kubwa. Ukiganda kwenye nyuzi 30, hata lenzi ya nyuzi 10 haifiki. Hapo unapandisha kamera mpaka nyuzi 38 hivi (tilti 9.5), au unapanua fremu na kukata baadaye.

#3 Fundi_Igoma

Nakazia hoja ya #2. Kwa sababu m ndiyo inayobeba hesabu, sensa ndogo inasaidia. Fremu ileile ya sm 24 kwenye sensa ya APS-C ya Canon (22.3mm) inakuwa m = 0.093, na tilti kwa nyuzi 30 inashuka kutoka 12.7 hadi 8.4. Yaani kamera ya Canon R7 iliyofungwa lenzi ileile inalaza bapa pale ambapo R6 inashindwa. R6 II yenyewe ina hali ya kukata fremu ndani ya kamera, ila pikseli zinapungua sana, kwa picha ya mtandaoni tu.

Vipimo vya lenzi zinazofaa bidhaa, ili mjadala usiende hewani:

Canon TS-E 90mm f/2.8 ya zamani (1991): tilti 8, shifti 11mm, ukuzaji 0.29x.
Canon TS-E 45mm f/2.8 ya zamani: tilti 8, shifti 11mm, ukuzaji 0.16x tu.
Canon TS-E 50mm f/2.8L Macro (2017): tilti 8.5, shifti 12mm, 0.5x.
Canon TS-E 90mm f/2.8L Macro (2017): tilti 10, shifti 12mm, 0.5x.
Canon TS-E 135mm f/4L Macro (2017): tilti 10, shifti 12mm, 0.5x.
Nikon PC-E 45mm na 85mm, zote f/2.8: tilti 8.5, shifti 11.5mm, 0.5x.

Zote fokasi ni ya mkono. Za Canon ni maunti (kiungo cha lenzi na kamera) ya EF, zinakaa kwenye R6 kwa adapta ya EF-EOS R ambayo haina kioo ndani, na apacha inaendeshwa na kamera kama kawaida.

24mm na 17mm ziacheni kwa wapiga majengo. Kwa pakiti ya dagaa utaisogelea mno, na kona ya mbele itavimba.

#4 dada_Pansiansi

Samahani wakuu, mnamuuzia mtu lenzi ghali kabla ya kumuuliza kama anaihitaji. Kazi hiyo yote inafanyika kwa stakingi ya fokasi: unapiga fremu nyingi, kila moja fokasi ikiwa mahali pake, kisha unaziunganisha kuwa picha moja. R6 II inapiga mfululizo wa fokasi yenyewe ikiwa na lenzi ya makro (ya kupiga kwa karibu sana) yenye otofokasi kama RF 100mm f/2.8L, unaunganisha kwenye programu ya Helicon Focus au Zerene Stacker, kwisha.

Hesabu zangu kwa fremu ya sm 24: kwa f/8, kina cha ukali ni mm 12 hivi kwa kipimo kikali (duara la ukungu, yaani doa kubwa kabisa tunalolihesabu bado ni kali kwenye sensa, 0.015mm). Safu zako zina kina cha sm 16 mezani, kwa nyuzi 45 hiyo ni mm 113 kwenye mhimili wa kamera. Ukipiga hatua za mm 9 unapata fremu 13. Dakika moja.

#5 pimamaji

dada_Pansiansi uko sahihi kwa hesabu, na kwa pete nitakuunga mkono hapo chini. Ila kwa pakiti napinga, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni wingi. Mteja wa dagaa huwa hana pakiti moja. Ana gramu 100, 250, 500, yenye pilipili, isiyo na pilipili, na kila moja kwa pembe mbili tatu. Bidhaa 40 mara fremu 13 ni fremu 520, na flashi lazima ipumzike ijae sawasawa kila mara, la sivyo mwanga unapandashuka kati ya fremu na muunganiko unaacha mistari.

Ya pili: kwenye stakingi, ukingo wa kitu kilicho mbele ya kingine huacha utando wa ukungu. Pakiti ya plastiki inayong'aa ikiwa mbele ya nyingine, ukingo wake wenye meno unaleta utando huo kila jino. Kusafisha kwa mkono ni kazi kuliko kupiga.

Ya tatu, mteja akiwa amesimama pembeni anaangalia skrini, kwa tilti anaona picha iliyokamilika. Anasema "sogeza hiyo kushoto" na unasogeza.

Na kuhusu f/22 ya Nyakato_Picha: kwa ukuzaji wa 0.15, f/22 inafanya kazi kama f/25. Nukta ya mwanga inatawanyika kwa mtawanyiko wa mawimbi hadi kipenyo cha mikroni 33 hivi, na pikseli ya R6 II ni mikroni 6. Nukta moja imekula upana wa pikseli tano. Kwa f/8 ni mikroni 12, pikseli mbili. Ndiyo maana maandishi yanalainika kila mahali hata palipo kwenye fokasi, na kunoa kwa programu hakurudishi ukali wote.

#6 Nyakato_Picha

Asanteni sana. Nakubali nyuzi 45. Sasa, kwa tilti hiyo pakiti yote itakuwa kali, juu mpaka chini? Na chupa je?

#7 pimamaji

Hapana, na hapa ndipo wengi huvunjika moyo baada ya kununua. Tilti haiongezi kina cha ukali. Inalaza bapa tu. Juu na chini ya bapa hilo kuna tabaka la ukali lenye umbo la kabari: jembamba upande wa kamera, nene upande wa mbali. Kwa fremu yako, nyuzi 45, f/11, katikati ya picha tabaka lina unene wa mm 12 hivi kwa kipimo kikali, au mm 24 ukikubali kipimo cha kawaida cha 0.03mm.

Kwa hiyo usilaze bapa juu ya meza. Lilaze juu ya uso wa lebo. Pakiti ya unene wa sm 3 ikiwa na fokasi mezani, meza itakuwa kali na lebo imefifia. Na usichanganye kwenye fremu hiyo pakiti zilizolala na kopo lililosimama: bapa likilala, kichwa cha kopo kinatoka nje ya tabaka. Mteja aking'ang'ania mchanganyiko huo, punguza tilti iwe nusu (3.5 hadi 4), weka bapa lipite mshazari kutoka lebo ya mbele hadi katikati ya kopo la nyuma, funga f/11, ukubali kwamba kona fulani itakuwa laini. Au piga fremu tatu nne za stakingi ukiwa na tilti hiyo. Hakuna sheria inayokataza kuzitumia zote mbili.

#8 Kapripoint85

Chupa niachieni mimi, hiyo ni kazi ya shifti na mara nyingi tilti inabaki sifuri.

Chupa isiegemee maana yake sensa iwe wima kabisa. Weka pimamaji mgongoni mwa kamera, usiiamini pimamaji iliyo kwenye kichwa cha tripodi. Ukiwa wima, kamera ikiwa usawa wa katikati ya chupa, kifuniko hakionekani kwa juu. Pandisha kamera, kisha telezesha lenzi kuelekea chini mpaka chupa irudi katikati ya fremu. Shifti ya 12mm kwa ukuzaji wa 0.15 ni mm 80 kwenye bidhaa, maana yake unaweza kupanda sm 8 juu ya usawa wa katikati.

Hapa urefu wa fokasi unahesabika, kinyume na tilti. Kwa fremu hiyo 90mm inakaa kama sm 69 kutoka kwenye chupa, 50mm kama sm 38. Kupanda sm 8 ukiwa umbali wa sm 69 ni kuangalia chini kwa nyuzi 6.6. Ukiwa sm 38 ni nyuzi 12 karibu. Kwa hiyo anayetaka kifuniko kionekane vizuri, 50mm inampa zaidi. Hasara yake ni kwamba sehemu iliyo karibu inakuwa kubwa: vitu viwili vilivyoachana sm 10, cha mbele kinaonekana kikubwa kuliko cha nyuma mara 1.3 kwa 50mm, mara 1.16 kwa 90mm. Kwa chupa ya duara iliyo peke yake si tatizo sana, ila kwa safu ya boksi linaonekana.

Faida nyingine ya shifti ambayo watu huisahau: kamera kujiona yenyewe. Kopo la bati au boksi lenye lamineti likitazama kamera uso kwa uso, unaona duara jeusi la lenzi katikati ya lebo. Sogeza tripodi sm 8 kushoto bila kugeuza kamera, kisha telezesha lenzi 12mm kulia. Bidhaa inarudi katikati, inaonekana imepigwa uso kwa uso, na taswira ya kamera imebaki nje ya lebo. Inafaa kwa uso bapa wenye upana wa hadi sm 10 hivi. Ukizidi hapo, lenzi imetoka lakini bega la kamera bado linaonekana, ifunike kwa kitambaa cheusi kilichotobolewa tundu la lenzi.

Chupa ya duara haidanganyiki kwa njia hiyo, yenyewe inaona chumba kizima. Hapo ni softboksi ndefu ubavuni na karatasi ya kuchujia mwanga, mada ya uzi mwingine.

#9 Fundi_Igoma

Sasa mtumba. Kwa kazi ya Nyakato_Picha, TS-E 90mm ya zamani inatosha kwa pakiti na chupa. Fremu ndogo kabisa inayoipata ni mm 124 kwa 83. Kabla hujalipa, kagua hivi:

Mhimili. TS-E za zamani zilitoka kiwandani tilti na shifti zikiwa zimepishana nyuzi 90. Wewe unahitaji vyote viwili viende juu-chini. Kuna skrubu ndogo nne upande wa maunti. Zikitolewa, sehemu ya mbele inazungushwa nyuzi 90 na kurudishiwa. Ndani mna waya bapa mwembamba wa umeme. Ukizungusha upande usio sahihi au ukiivuta, waya unakatika na apacha inakufa. Mpe fundi wa kamera mwenye bisibisi inayolingana, skrubu hizo zinalika vichwa upesi. Muulize muuzaji kama ilishazungushwa. Za L za mwaka 2017 hazina shida hii, unazungusha kwa kubonyeza kitufe.

Waya wenyewe. Funga lenzi kwenye kamera, weka f/16, peleka shifti mwisho upande mmoja, piga. Peleka mwisho upande wa pili, piga. Rudia kwa tilti. Kamera ikitoa ujumbe wa hitilafu ya mawasiliano na lenzi kwenye ncha mojawapo, waya umechoka. Lenzi ikiwa katikati itaonekana nzima kabisa, kwa hiyo usiridhike na picha moja.

Kuteleza. Elekeza kamera chini nyuzi 45, weka tilti 7, kaza kitasa cha kufungia, subiri dakika tano, angalia alama. Ikiwa imeshuka, mfungio umelika. Ukinunua hivyo kila fremu ya tano itakuwa na bapa tofauti na hutajua kwa nini.

Fangasi. Tochi ya simu kutoka nyuma, apacha wazi, chungulia kwa mshazari. Nyuzi nyuzi kama utando ni fangasi. Vumbi vichache si kitu.



#10 Nyakato_Picha

Fundi nimekuelewa. Tafadhali pimamaji, nipe hatua za kuweka tilti mezani. Nimeona maelezo mengi na kila mtu anaanzia pengine.

#11 pimamaji

Fuata hivi, kwa pakiti za nyuzi 45:

1. Tilti sifuri, shifti sifuri. Panga fremu. Kaza tripodi, zima kitulizaji cha ndani ya kamera.

2. Pima pembe kwa simu: iegemeze mgongoni mwa kamera, programu ya kupima usawa itasoma nyuzi. Pima na upande wa kushoto-kulia, uwe sifuri.

3. Weka mwanga kwa mkono SASA, kabla ya tilti. Lenzi ikiinama, kipimo cha mwanga cha kamera kinaweza kudanganya. Kwa flashi unapiga fremu moja ya majaribio, unasoma histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini), hugusi tena.

4. Weka tilti ya hesabu, 7.4, lenzi ikiinamia mezani. Fremu itahama kidogo, irudishe.

5. Apacha wazi, f/2.8. Kuza skrini mara 10. Nenda kwenye herufi za lebo ya mbele, fokasi kwa ringi mpaka ziwe kali. Usiguse ringi, sogeza kioo cha kukuzia hadi lebo ya nyuma.

6. Lebo ya nyuma imefifia? Zungusha ringi taratibu. Ikinoleka ukizungusha kuelekea mbali, tilti haijatosha, ongeza nusu nyuzi. Ikinoleka ukizungusha kuelekea karibu, tilti imezidi, punguza. Kisha rudi lebo ya mbele, fokasi upya, kagua ya nyuma tena. Mizunguko mitatu inatosha ikiwa ulianza na hesabu. Ukianza kwa kubahatisha unaweza kuzunguka nusu saa, kwa sababu kila ukigusa tilti fokasi inahama na kila ukigusa ringi bapa linageuka.

7. Kaza kitasa cha kufungia tilti. Kagua tena mbele na nyuma, kukaza kwenyewe kunaweza kuihamisha.

8. Funga f/8 au f/11, piga. Andika tilti, pembe na umbali kwenye daftari. Kamera hairekodi kiasi cha tilti, na wiki ijayo mteja ataleta ladha mpya akitaka picha ifanane.

Ukiona lebo ya kushoto kali na ya kulia imefifia, usiguse tilti. Kamera imelala upande, au lenzi imezungushwa isikae kwenye kituo chake sawasawa. Rudi hatua ya 2.

#12 dada_Pansiansi

Hatua ya 6 ni nzuri, naichukua. Nimekubali kwa pakiti. Ila pete mlisema mtaniunga mkono.

#13 pimamaji

Bila ubishi. Pete kwa ukuzaji wa 0.5, kamera nyuzi 45: hesabu inataka tilti 18.4. Hakuna lenzi hapo juu inayofika. Hata ukipanda nyuzi 60 inataka 10.9. Tena pete ina kimo, hivyo bapa kulala hakuisaidii sana. Hapo ni stakingi: kwa f/8 kina ni mm 1.4 hivi, hatua za mm 1, pete yenye kina cha mm 20 ni fremu 20 au 21. Kwa lenzi ya tilti-shifti itabidi reli ya makro (ya kusogeza kamera kidogo kidogo), maana kamera haiwezi kuiendesha fokasi yake. Kwa RF 100mm kamera inafanya yenyewe. Kwa pete, ushauri wa dada_Pansiansi ndio wa kufuata.

Anayetaka kusogeza TS-E 90 ya zamani karibu zaidi kwa hereni kubwa anaweza kuongeza mrija wa mm 25 kati ya lenzi na kamera. Ukuzaji unaongezeka kwa 25 ÷ 90, yaani unafika karibu 0.57x. Fokasi ya mbali inapotea mrija ukiwepo.

#14 Kapripoint85

Kwa wa Nikon wanaosoma: PC-E 85mm inakaa kwenye kamera za Z kwa adapta ya FTZ na apacha inafanya kazi. Chukueni FTZ II. Ile ya kwanza ina mguu wa tripodi unaotokeza chini, na vitasa vya lenzi vinaweza kuugusa ukiizungusha. PC-E nazo zilitoka kiwandani mihimili imepishana, kwa hiyo onyo la Fundi linahusu huku pia.

#15 Mwaloni_Visuals

Vipi hizi za Kichina za bei nafuu? Kuna TTArtisan 50mm f/1.4 ya tilti, na 100mm ya makro.

#16 Fundi_Igoma

Ile 50mm f/1.4 ina tilti ya nyuzi 8 lakini haina shifti. Kwa pakiti zilizolala inaweza kufanya kazi, ingawa haisogei karibu sana, itabidi mrija. Kwa chupa haikusaidii lolote. Ile 100mm f/2.8 ina makro ya 2x, tilti 8, na shifti ya 6mm, nusu ya Canon. Kwa fremu ya sm 24 hiyo ni sm 4 tu za kusogea, kukwepa taswira ya kamera kwenye boksi haitoshi. Laowa nao wana 55mm na 100mm f/2.8 za tilti-shifti zenye makro ya 1x, hizo ziko karibu zaidi na kazi ya studio.

Zote apacha ni ya mkono. Maana yake unafungua f/2.8 kwa fokasi, halafu unakumbuka kufunga kabla ya kupiga, na kuzungusha ringi ya apacha kwa nguvu kunaweza kuihamisha fokasi. Kwa bidhaa 40 kwa siku, hilo linachosha. Kwa bidhaa tano kwa mwezi ni sawa kabisa, usijibane.

#17 dada_Pansiansi

Niongeze la sisi tunaokaa kando ya ziwa. Lenzi hizi zina mianya mingi kuliko lenzi ya kawaida: kiungo cha tilti na cha shifti vyote viko wazi. Unyevu wa hapa kwetu unaingia. Itunze kwenye boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, weka silika jeli na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikikaa juu ya 60 muda mrefu fangasi wanaanza. Punje za silika zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni nyuzi joto 110 hadi 120 kwa saa mbili. Begi la ngozi si mahali pa kuhifadhia, ngozi inanyonya maji na kukaa nayo.

Ukimaliza kazi rudisha tilti na shifti sifuri kabla ya kuweka boksini, viungo vikae vimefungwa.

Na usiku ukiwa na taa za modeli (zile za flashi zinazowaka mfululizo), funga madirisha. Wale wadudu wa ziwani wakiingia wanafuata mwanga, wanatua kwenye plastiki inayong'aa na kunata kwenye mdomo wa chupa ya asali. Kwenye skrini huwaoni. Ukikuza nyumbani, kila pakiti ina vidoa vyenye mabawa.

#18 Nyakato_Picha

Wakuu nashukuru sana. Uamuzi: TS-E 90mm ya zamani, mtumba, ikikaguliwa kwa orodha ya Fundi, kamera nyuzi 45. Pete kwa stakingi. La mwisho: meza yangu ina kimo cha sm 75. Tripodi ipande kiasi gani?

#19 pimamaji

Umbali wa lenzi hadi katikati ya pakiti ni sm 69. Kwa nyuzi 45, kimo juu ya uso wa lebo ni 69 × 0.707, sm 49. Ongeza meza 75 na unene wa pakiti 3: lenzi iwe sm 127 kutoka sakafuni. Tripodi nyingi zinafika bila kuinua nguzo ya kati. Usiiinue nguzo hiyo, TS-E na adapta vinaning'inia mbele na nguzo itatikisika. Ikiwa tripodi yako haifiki, tafuta meza fupi.

#20 Fundi_Igoma

Na ukaguzi wa kuteleza ufanye kwa hiyo nyuzi 45, adapta ikiwa imefungwa. Muuzaji akikataa kukuachia dakika tano, achana nayo.